Upasuaji wa ubongo kwa wagonjwa wa tiki: Unachoweza na usichoweza

Na Mwandishi Wetu, Karatu

MTOTO anapopepesa macho bila kukoma, kutikisa shingo au kutoa sauti ya kukohoa ilhali hana kikohozi, watu wa kwanza kutoa hukumu huwa si madaktari. Mwalimu humwona mtundu, majirani husema amerogwa, na wengine humhesabu miongoni mwa wenye kifafa.

Mara nyingi wote huwa wamekosea. Hali hiyo kitaalamu huitwa tiki, nayo hutokana na hitilafu katika sehemu za ubongo zinazosimamia miondoko ya mwili.

Kwa watoto wengi tiki hupungua kadiri wanavyokua. Hata hivyo, wapo wachache ambao huingia utu uzima wakiwa na tiki kali kiasi cha kuumiza shingo zao, kujipiga au kushindwa kukaa katikati ya watu.

Ni kwa ajili ya kundi hilo dogo kwamba, tangu mwaka 1999, madaktari wa mataifa kadhaa wamekuwa wakijaribu kupitisha nyaya nyembamba hadi kina cha ubongo na kuuchochea kwa umeme.

Habari za tiba hiyo husambaa haraka na huamsha matumaini makubwa. Makala haya yanaeleza inavyofanya kazi, majaribio yaliyofanyika yalionyesha nini, na mgonjwa aliyeko wilayani Karatu, mbali na hospitali kubwa, ana njia zipi kabla ya kuifikiria.

Tiki ni nini

Tiki ni mwondoko au sauti ya ghafla, ya muda mfupi na inayojirudia, ambayo mwenye nayo hakuipanga. Anaweza kuizuia kwa dakika chache, lakini ndani yake hujengeka msukumo usiovumilika, mithili ya mtu anayezuia chafya, na hatimaye tiki hutoka.

Uwezo huo wa kuizuia kwa muda ndio unaowapotosha wazazi na walimu wengi. Huona kwamba mtoto aliyetulia mbele ya mgeni anaweza kutulia siku nzima akitaka, na hivyo humwadhibu kwa jambo lililo nje ya uwezo wake.

Mtu anapokuwa na tiki mbili au zaidi za misuli pamoja na angalau moja ya sauti, zikaendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja na ziwe zimeanza kabla hajatimiza umri wa miaka 18, ugonjwa huo huitwa Tourette. Jina hilo linatokana na daktari wa Ufaransa, Georges Gilles de la Tourette, aliyeueleza mwaka 1885.

Tiki kwa kawaida huanza mtoto akiwa na umri wa miaka minne hadi saba, hufikia kilele kati ya miaka 10 na 12, kisha kwa wengi hupungua wakati wa ujana. Wavulana hupatwa mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana.

Watu wengi waliosikia habari za ugonjwa huu wanaujua kwa jambo moja tu, kutoa matusi bila kukusudia. Ukweli ni kwamba dalili hiyo huwapata wachache, takriban mmoja katika kila wagonjwa 10.

Kinachowasumbua zaidi wagonjwa mara nyingi ni matatizo yanayoambatana na tiki, yakiwamo mawazo na matendo ya kujirudia, kutotulia na kukosa umakini, wasiwasi na huzuni ya muda mrefu.

Si kila kutikisika ni tiki

Katika mazingira ya Tanzania, kazi ya kwanza ya daktari ni kuhakikisha kwamba anachokiona ni tiki kweli, kwa kuwa magonjwa mengine kadhaa hufanana nayo.

La kwanza ni kifafa. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, jirani na Karatu, na kuchapishwa mwaka 2009, uliwahusisha watu 7,399 na kuonyesha kwamba zaidi ya watu 10 katika kila 1,000 waliwahi kuugua kifafa.

Tofauti iliyo wazi ni kwamba mwenye tiki huendelea kuwa na fahamu zake, husikia anachoambiwa na hukumbuka kilichotokea. Mwenye kifafa mara nyingi hupotewa na fahamu, ingawa ziko aina za kifafa ambazo hata daktari huhitaji muda kuzibaini.

Upo pia ugonjwa wa kutikisa kichwa ulioelezwa huko Mahenge, mkoani Morogoro, na daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanza kuwatibu wagonjwa wa kifafa wa eneo hilo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtoto huinamisha kichwa mara kwa mara kama anayesinzia, na watafiti wameuhusisha ugonjwa huo na minyoo ya usubi. Hiyo si tiki, na tiba yake ni tofauti.

Aidha, homa ya baridi yabisi inayofuatia maambukizi ya koo inaweza kumwachia mtoto miondoko ya mikono na uso isiyo na mpangilio. Mtoto huyo anahitaji kuchunguzwa moyo, hivyo kumwita mwenye tiki na kumwacha ni hatari kwa maisha yake.

Tiba huanza kwa mazungumzo

Mgonjwa mwenye tiki nyepesi huenda asihitaji dawa yoyote. Kuelezwa ugonjwa ni nini, pamoja na mwalimu na wanafunzi wenzake kuelimishwa, mara nyingi hutosha kumpunguzia mzigo, kwa sababu hofu na aibu huongeza tiki.

Hatua inayofuata ni mafunzo ya tabia. Mgonjwa hufundishwa kuutambua msukumo unaotangulia tiki, kisha kufanya mwondoko mwingine unaoizuia. Mwaka 2010 jaribio lililowahusisha watoto 126 nchini Marekani lilionyesha kwamba mafunzo hayo hupunguza tiki kwa kiwango kinachoonekana, na miongozo ya Marekani na Ulaya sasa huyaweka mbele ya dawa.

Dawa zinazotumika zaidi ni zile zinazopunguza nguvu ya dopamini, kemikali inayopeleka taarifa kati ya seli za ubongo. Kongwe kati yake ni haloperidoli, ambayo imetumika kwa tiki tangu mwaka 1961. Nyingine ni risperidoni na aripiprazoli, na kwa baadhi ya watoto klonidini.

Haloperidoli ni dawa ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kasoro yake ni madhara: usingizi, kukakamaa kwa misuli na kutotulia, hivyo huanzwa kwa dozi ndogo chini ya uangalizi wa daktari.

Umeme ndani ya ubongo

Wagonjwa wachache hubaki na tiki kali hata baada ya kujaribu yote hayo. Kwa hao, madaktari wamekuwa wakitafuta msaada kwa wapasuaji.

Mwaka 1970 wapasuaji wa Ujerumani, Rolf Hassler na Gerd Dieckmann, walitoa taarifa ya wagonjwa waliotibiwa kwa kuunguza sehemu ndogo za thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo kinachopokea na kupeleka taarifa za miondoko na hisia. Tatizo la njia hiyo ni kwamba kilichounguzwa hakirudi tena.

Mwaka 1987 mpasuaji Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, alibaini kwamba umeme wa kasi kubwa katika sehemu ileile hutuliza mtetemo wa mgonjwa bila kuua seli. Ugunduzi huo ulizaa tiba ambayo leo hutumika duniani kote kwa ugonjwa wa Parkinson.

Miaka 12 baadaye, mwaka 1999, madaktari wa Uholanzi, akiwamo Veerle Visser-Vandewalle, walitangaza katika jarida la The Lancet kwamba wameitumia njia hiyo kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa Tourette, mwanamume mwenye umri wa miaka 42.

Katika upasuaji huo, fuvu hutobolewa matundu madogo na elektrodi, yaani waya mwembamba wenye ncha za kupitisha umeme, hushushwa kila upande wa ubongo hadi mahali palipopimwa kwa picha. Nyaya hupitishwa chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye kifaa chenye betri kilichofukiwa kifuani, mithili ya kile cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Kifaa hicho hutuma umeme zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Haujulikani kikamilifu unavyotenda kazi, lakini maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba huvuruga mzunguko wa taarifa zenye kasoro kati ya gamba la ubongo na vituo vya ndani, ili amri isiyotakiwa isifike kwenye misuli.

Tofauti na kuunguza, kifaa kinaweza kuzimwa, na nguvu yake inaweza kuongezwa au kupunguzwa na daktari akiwa na kifaa cha mkononi, bila kumfungua mgonjwa tena.

Majaribio yalionyesha nini

Kupata nafuu baada ya upasuaji hakuthibitishi kwamba umeme ndio uliotibu. Tiki hupanda na kushuka zenyewe, na matumaini ya mgonjwa pekee yanaweza kuzipunguza kwa muda. Kwa sababu hiyo, watafiti hulinganisha kipindi kifaa kikiwa kimewashwa na kipindi kikiwa kimezimwa, bila mgonjwa wala anayempima kujua ni kipi.

Jaribio la aina hiyo lililochapishwa mwaka 2007 huko Cleveland, Marekani, lilihusisha watu wazima watano, na watatu kati yao walipata nafuu kubwa. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi waliripoti wagonjwa sita ambao tiki zao zilikuwa pungufu kwa asilimia 37 kifaa kikiwa kimewashwa, lakini baadhi yao walilalamikia kupungukiwa nguvu na matatizo ya kuona.

Mwaka 2015 watafiti wa London walichapisha matokeo ya wagonjwa 15 waliowekewa elektrodi katika globasi palidasi, kituo kingine cha miondoko. Tofauti kati ya kuwashwa na kuzimwa ilikuwa ya wastani wa asilimia 15 tu. Vifaa vilipoachwa vikiwa vimewashwa kwa muda mrefu zaidi, nafuu iliongezeka hadi takriban asilimia 40, ingawa kipindi hicho hakikuwa na ulinganisho.

Matokeo ya Ufaransa ya mwaka 2017 yaliwashtua wengi. Miongoni mwa wagonjwa 16, baada ya miezi mitatu hapakuwa na tofauti ya maana kati ya waliowashiwa umeme na ambao hawakuwashiwa.

Mwaka uliofuata, rejista ya kimataifa yenye wagonjwa 185 kutoka vituo 31 katika nchi 10 ilichapishwa. Wastani wa ukali wa tiki, katika kipimo chenye alama 100, ulishuka kutoka alama 75 kabla ya upasuaji hadi 41 baada ya mwaka mmoja, sawa na nafuu ya asilimia 45.

Takwimu hizo zinatia moyo, lakini zina mpaka wake. Rejista hukusanya yaliyotokea, haina kundi la kulinganisha. Mpaka sasa haijathibitika ni sehemu ipi ya ubongo iliyo bora kuchochewa, wala ni mgonjwa yupi atakayenufaika.

Ndiyo maana nchini Marekani, ambako tiba hii imeidhinishwa kwa mtetemo tangu mwaka 1997, kwa Parkinson tangu 2002 na kwa kifafa tangu 2018, bado haijaidhinishwa rasmi kwa ugonjwa wa Tourette.

Hatari zake

Katika rejista hiyo ya mwaka 2018, zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walipata madhara fulani. Mengi yalikuwa ya kuchochewa kupita kiasi, kama vile kusema kwa shida na ganzi au kuchomachoma mwilini, ambayo hupungua daktari anaporekebisha nguvu ya umeme.

Damu kuvuja ndani ya fuvu iliripotiwa kwa asilimia 1.3 ya wagonjwa, na maambukizi kwa asilimia 3.2. Kwa mgonjwa mmoja mmoja, tukio kama hilo linaweza kuwa kupooza, au kulazimika kuondolewa kifaa kizima.

Wagonjwa wa Tourette wana hatari ya ziada. Wengine huwa na tiki ya kugusa au kukwaruza mahali palipopasuliwa, jambo linaloweza kufungua jeraha na kuingiza vijidudu.

Zaidi ya hayo, betri za kawaida huisha baada ya miaka michache na hubadilishwa kwa upasuaji mdogo. Ziko zinazochajiwa nje ya mwili na kudumu kwa miaka mingi zaidi, lakini humtaka mgonjwa awe na umeme wa uhakika nyumbani.

Nani anafaa

Wataalamu wanakubaliana kwamba upasuaji huu ni hatua ya mwisho. Mgonjwa anatakiwa awe na tiki kali zilizothibitishwa na bingwa, awe amejaribu dawa za makundi kadhaa na mafunzo ya tabia bila mafanikio, na matatizo yake mengine ya akili yawe yametulizwa.

Awali, miongozo ya mwaka 2006 ilitaka mgonjwa awe na miaka 25 au zaidi, kwa hoja kwamba tiki nyingi hupungua kabla ya umri huo. Mwaka 2015 sharti hilo lililegezwa, lakini kwa wenye umri chini ya miaka 18 hushauriwa kamati ya maadili ishirikishwe.

Hali ilivyo Karatu

Karatu ni wilaya ya wakulima na wafugaji iliyo njiani kuelekea Kreta ya Ngorongoro. Kutoka mji wa Karatu hadi Arusha ni takriban kilomita 140, na kuifikia Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi ni zaidi ya kilomita 200.

Hata hivyo, wilaya hiyo ina bahati ambayo maeneo mengi ya vijijini nchini hayana. Hospitali ya FAME, iliyoanza kama zahanati mwaka 2008, kwa miaka mingi imekuwa ikipokea kliniki za magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu zinazoongozwa na Dk. Michael Rubenstein wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kwa ushirikiano na matabibu wa Kitanzania. Kliniki hizo zimewahi pia kufika vijijini, yakiwamo maeneo ya Kambi ya Simba na Mang'ola.

Umuhimu wa huduma kama hiyo unaonekana katika utafiti uliofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2008. Katika watu 161,071, watafiti waliwakuta 33 wenye ugonjwa wa Parkinson, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini.

Kama mzee anayetetemeka mikono hakugunduliwa karibu na hospitali ya rufaa, ni rahisi kuelewa kwa nini mtoto anayepepesa macho huko Endabash au Mbulumbulu hupelekwa kwanza kwa mganga wa jadi au kuombewa, na afike hospitali amechelewa, pengine akiwa ameacha shule.

Kwa muda mrefu baadhi ya maandiko ya kitabibu yalidai kwamba Tourette ni nadra miongoni mwa Waafrika. Lakini ugonjwa usiotafutwa hauonekani, na uchache wa mabingwa peke yake unatosha kuufanya uonekane nadra.

Kama tiba ingeletwa nchini

Upasuaji wa ubongo si jambo geni Tanzania. Taasisi ya Mifupa na Mishipa ya Fahamu Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, imekuwa ikiufanya kwa miongo kadhaa. Barani Afrika, Afrika Kusini na Misri zina uzoefu wa kuchochea ubongo kwa umeme, na Nairobi nako njia hiyo imewahi kutumika kwa wagonjwa wa Parkinson.

Jaribio lolote la tiba kama hii kwa wagonjwa wa Tanzania lingepaswa kupata kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kupita kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Kizuizi kikubwa, hata hivyo, si kisu cha mpasuaji. Kifaa peke yake hugharimu maelfu ya dola, na baada ya kuwekwa mgonjwa hurudi kliniki mara nyingi, hasa katika mwaka wa kwanza, ili kurekebishiwa nguvu ya umeme. Anayetoka Karatu angelazimika kusafiri kila mara, na betri ikiisha bila fedha ya kuibadili, tiki hurudi.

Swali la haki nalo lipo. Si haki kumwekea mtu kifaa kwa ajili ya utafiti kisha kumwacha utafiti unapokwisha. Mgonjwa anapoombwa ridhaa anastahili kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, iwe Kiswahili, Kiiraqw au Kimaasai, nani atalipia betri ya pili.

Watafiti wengine wanatafuta njia isiyohitaji kisu. Mwaka 2023 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichapisha jaribio la watu 121 kuhusu kifaa kinachovaliwa kiwiko cha mkono kama saa, kinachochochea mshipa wa fahamu kwa umeme mdogo. Waliopata umeme halisi walipungukiwa idadi ya tiki kwa zaidi ya asilimia 25. Nafuu hiyo ni ndogo kuliko ya upasuaji uliofanikiwa, lakini haiambatani na hatari ya kufungua fuvu.

Mzazi afanye nini

Kwa familia nyingi za Karatu, jibu la kwanza liko karibu kuliko Dar es Salaam au Ulaya.

Mzazi anayeona dalili anashauriwa kuandika tiki zilianza lini, huongezeka wakati gani, na kama mtoto hupotewa na fahamu. Simu ya mkononi yenye kamera ni msaada mkubwa, kwani tiki huweza kutoweka mtoto anapoingia kwa daktari, na picha ya video ya nusu dakika huonyesha kisichoelezeka kwa maneno.

Mtoto afikishwe kituo cha afya au hospitali, na mzazi aombe rufaa kwenda kliniki ya mishipa ya fahamu au ya afya ya akili. Aidha, mwalimu mkuu aelezwe ili mtoto asiadhibiwe, apewe nafasi ya kutoka darasani tiki zinapozidi, na wenzake wakatazwe kumwigiza.

Dawa zisisimamishwe ghafla wala kuongezwa bila ushauri. Mtoto anayeanza kujipiga, kujing'ata au kulalamika ganzi mikononi na miguuni baada ya kutupa shingo mara kwa mara, apelekwe hospitali bila kuchelewa, kwa kuwa uti wa mgongo unaweza kudhurika.

Hatua zote hizi zikichukuliwa mapema, ni wagonjwa wachache sana watakaobaki kuhitaji kujadiliwa kwa ajili ya upasuaji. Hao wachache nao watafika mbele ya mpasuaji wakiwa na kumbukumbu za tiba walizojaribu, na bila kumbukumbu hizo hakuna kituo chochote duniani kinachokubali kuanza.